Corolla Fielder kabla na baada ya maboresho ya 2015: lipi la kuchagua?

Kizazi cha tatu cha Toyota Corolla Fielder, gari la familia la aina ya wagoni, kilizinduliwa Japani mwezi Mei 2012. Mwezi Aprili 2015 gari hilo lilifanyiwa maboresho ya katikati ya uhai wake, na Oktoba 2017 likaguswa tena, safari hii kwa kiasi kidogo. Mnunuzi wa gari lililotumika huyakuta yote katika orodha moja, yakiitwa kwa jina moja, na kwa kawaida huyatenganisha kwa kutazama mambo mawili tu, yaani mwaka wa kutengenezwa na sura ya mbele. Mambo hayo mawili hayatoshi, na mara nyingine humpotosha kabisa, kwa sababu tofauti zenye uzito ziko chini ya boneti na nyuma ya kioo cha mbele, na si kila gari lililotoka kiwandani baada ya Aprili 2015 lilizipata. Ninaamini kwamba anayenunua Fielder kwa kufuata mwaka pekee anaweza kulipia maboresho ambayo gari lake halina.

Yapo mambo ambayo hayakubadilika hata kidogo, nayo ndiyo yanayolifanya gari hili lifae familia. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulibaki milimita 2,600, upana ukabaki milimita 1,695, na buti likabaki na ujazo wa lita 407 viti vya nyuma vikiwa vimesimama. Upana huo una sababu yake: sheria ya Japani huliweka katika kundi la magari madogo gari ambalo upana wake hauzidi milimita 1,700, urefu wake hauzidi milimita 4,700 na injini yake ya petroli haizidi lita 2.0, na Toyota haikutaka Fielder ivuke mpaka huo. Matokeo yake ni gari jembamba linalopita kwa urahisi penye nafasi finyu, lakini ambalo watu wazima watatu wakikaa kiti cha nyuma watagusana mabega, liwe la 2013 au la 2018. Urefu ndio uliobadilika, kutoka milimita 4,360 hadi 4,400, ila milimita hizo 40 hazikumwongezea abiria nafasi wala hazikuongeza mzigo.

Kuhusu sura sina mengi ya kusema. Gari la awali lina uso wa upole na grili nyembamba, ilhali lililoboreshwa lina mdomo mpana wa chini na taa zilizochongoka, na baadhi yake zina taa za mbele za LED pamoja na kioo kidogo cha rangi cha inchi 4.2 kati ya mita za dashibodi. Bampa na taa hubadilishwa kwa urahisi karakana, kwa hiyo mtu asikubali sura iwe ushahidi wa lolote.

Injini mbili zenye nguvu sawa

Hapa ndipo penye kiini cha ulinganisho. Fielder ya lita 1.5 inayosukumwa na magurudumu ya mbele kwa giaboksi ya CVT (ya otomatiki isiyo na hatua za gia) ilianza na injini ya 1NZ-FE. Baada ya Aprili 2015 gari la aina hiyohiyo lilipewa injini mpya ya 2NR-FKE. Ukisoma takwimu za kiwanda utaona kana kwamba hakuna kilichotokea: zote mbili ni za lita 1.5, zote zina silinda nne na valvu kumi na sita, zote zinatumia cheni ya taiming badala ya mkanda, zote zinatoa nguvu za farasi 109, na nguvu ya juu kabisa ya mzunguko kwa kila moja ni nyutoni-mita 136. Tofauti pekee inayojitokeza kwenye karatasi ni kwamba 1NZ-FE hufikia nguvu hiyo ya mzunguko kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika, ilhali 2NR-FKE huifikia kwenye mizunguko 4,400. Kwa dereva, maana yake ni kwamba injini mpya haihitaji kupiga kelele sana ili ivute gari lililojaa abiria na mizigo mlimani.

Tofauti kubwa ni namna zinavyotumia mafuta. 1NZ-FE ni injini ya kawaida yenye uwiano wa mbano (kipimo cha jinsi pistoni inavyobana hewa) wa 10.5. 2NR-FKE inafanya kazi kwa mzunguko wa Atkinson na uwiano wake wa mbano ni 13.5. Valvu zake za kuingiza huchelewa kufungwa, kiasi kwamba sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia kwenye silinda hurudi nje pistoni inapoanza kupanda. Hivyo injini hubana hewa kwa kipimo kidogo kuliko inavyoipanua baada ya mlipuko, na joto ambalo lingetokea kwenye ekzosi hugeuzwa kuwa kazi. Ili mpango huo usiifanye injini kuwa dhaifu wakati wa kuondoka, muda wa valvu za kuingiza huongozwa na mota ya umeme badala ya shinikizo la oili, na kwa hiyo hurekebishwa haraka hata injini ikiwa bado baridi. Aidha, sehemu ya moshi wa ekzosi hupoozwa na kurudishwa ndani ili kupunguza joto la mwako. Toyota inaeleza kwamba injini hii hufikia ufanisi wa joto wa asilimia 38, kiwango cha juu kwa injini ya petroli ya gari la kawaida la wakati huo.

Ubunifu huo wote una gharama yake, na si haki kuuficha. 1NZ-FE imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na imetumika katika Vitz, Probox, Allion, Ractis na Sienta ya kwanza, kwa hiyo fundi yeyote aliyeshika magari ya Toyota anaijua, na koili zake, plagi zake na pampu yake ya maji hupatikana zikiwa mpya au zilizotumika. 2NR-FKE ni ngeni zaidi, ina sehemu nyingi zaidi zinazoongozwa na kompyuta, na njia ya kurudishia moshi inaweza kujaa masizi gari likiendeshwa safari fupi fupi kwa miaka mingi bila injini kupata moto vizuri. Kwa upande mwingine, mafuta yake hupulizwa kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, si moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haina tatizo la masizi kuganda nyuma ya valvu za kuingiza, ambalo husumbua injini nyingi za kisasa. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa busara wa wahandisi wake, kwa kuwa walipata ufanisi bila kuleta pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa, ambayo ni ghali kuibadilisha.

Jambo jingine linaloambatana na 2NR-FKE ni mfumo wa kuzima injini gari linaposimama na kuiwasha tena dereva anapoachia breki. Mfumo huo upo pia katika baadhi ya magari ya kabla ya 2015, lakini katika haya mapya umekuwa sehemu ya kawaida. Unaokoa mafuta kwenye foleni, na unaweza kuzimwa kwa kitufe, ila unahitaji betri maalumu iliyoundwa kustahimili kuwashwa kwa injini mara nyingi kwa siku. Mwenye gari akiweka betri ya kawaida ya bei nafuu, itachoka mapema, na atalaumu gari wakati kosa ni la betri. Oili nayo isichukuliwe kwa wepesi: injini hii imeundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20, na kumimina oili nzito kwa imani kwamba inalinda injini zaidi ni kuiondolea sehemu ya faida iliyonunuliwa.

Upande wa giaboksi hakuna cha kulinganisha kwa urefu, kwa sababu pande zote mbili zinatumia CVT inayodai mafuta yake maalumu. Giaboksi iliyowahi kuwekewa ATF, yaani mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ni ya kukimbiwa, haidhuru ipo kwenye gari la mwaka gani.

Namba ya chesisi husema zaidi ya mwaka

Kabla ya kuamini tangazo lolote, soma herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chesisi. NZE161 ni gari la lita 1.5 lenye injini ya 1NZ-FE linalosukumwa na magurudumu ya mbele. NRE161 ni gari la lita 1.5 lenye injini mpya ya 2NR-FKE. NZE164 ni lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, NKE165 ni haibridi, na ZRE162 ni la lita 1.8.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba maboresho ya 2015 hayakuzigusa injini zote. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne liliendelea na 1NZ-FE baada ya 2015, na lenye gia za mkono vilevile. Mtu anaweza kununua Fielder ya 2016 yenye uso mpya, akitarajia ulaji mdogo wa mafuta aliousoma mahali, kumbe chini ya boneti ipo injini ileile ya zamani, na kwa gari la magurudumu manne kuna pia uzito wa ziada wa shafti na difu ya nyuma. Gari hilo si baya. Kwa anayepita mara kwa mara kwenye tope au theluji ndilo linalomfaa. Lakini halistahili kulipiwa kama NRE161. Kinyume chake, gari huweza kusajiliwa miezi kadhaa baada ya kutoka kiwandani, kwa hiyo mwaka wa usajili ulioandikwa 2015 haumwambii mnunuzi iwapo gari ni la kabla ya Aprili au la baada yake. Kwa gari la lita 1.5 la magurudumu ya mbele lenye CVT, herufi tatu za mwanzo za chesisi humaliza ubishi huo katika sekunde chache, na namba hiyo huandikwa pia kwenye karatasi ya mnada ya Japani, mahali ambapo alama ya R huonyesha kwamba gari limewahi kufanyiwa matengenezo ya bodi kutokana na ajali.

Kilichowekwa nyuma ya kioo cha mbele

Corolla Axio (sedani ya familia moja na Fielder) na Fielder zilizoboreshwa ndizo zilizoanza kupewa mfumo wa usalama ambao Toyota iliuita Toyota Safety Sense C. Kwa familia inayosafiri na watoto, mimi naona hili ni jambo zito kuliko injini, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi katika matangazo ya kuuza.

Mfumo huo unatumia rada ya leza na kamera moja, vilivyofungwa pamoja katika kisanduku kilicho juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazama nyuma. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia mgongano. Gari likikaribia kugonga gari lililo mbele, dereva huonywa kwa sauti na maandishi, na akikanyaga breki husaidiwa kuzikaza. Asipokanyaga, gari hujifungia breki lenyewe likiwa katika mwendo wa takriban kilomita 10 hadi 80 kwa saa, na linaweza kupunguza mwendo kwa kiasi cha kilomita 30 kwa saa. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mgongano ambao ungetokea kwenye foleni unaweza kuepukwa kabisa, na ule wa mwendo mkubwa ukapungua makali. Kazi ya pili ni kumwonya dereva anayetoka kwenye mstari wake bila kuwasha indiketa, kuanzia mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa. Kazi ya tatu ni kushusha taa kali zenyewe gari jingine linapokuja usiku.

Ni lazima mipaka yake isemwe kwa uwazi uleule. Safety Sense C ya 2015 haikuundwa kumtambua mtu anayetembea kwa miguu na kumfungia breki, hivyo mzazi asidhani kwamba itamlinda mtoto aliyekatiza barabara ghafla. Onyo la mstari halifanyi kazi mahali ambapo rangi ya barabara imefutika au haijawahi kuchorwa, na halizungushi usukani. Hupiga kelele tu. Mvua kubwa, vumbi zito juu ya kioo, au jua linaloipiga kamera moja kwa moja vinaweza kuufanya mfumo ujizime kwa muda.

Yapo pia mambo mawili ya ukaguzi. Kwanza, si kila Fielder ya baada ya Aprili 2015 ina mfumo huu, kwa kuwa ulitegemea daraja la gari na chaguo la mnunuzi wa kwanza. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kutazama kama kile kisanduku kipo. Pili, kioo cha mbele kilichobadilishwa baada ya kupasuka kinahitaji kamera irekebishwe upya kwa vifaa vyake, na kioo kisicho sahihi au tinti iliyobandikwa mbele ya kamera huufanya mfumo usione vizuri. Taa ya onyo la mfumo inayobaki imewaka kwenye dashibodi baada ya gari kuendeshwa dakika kadhaa ni sababu ya kutosha ya kusimamisha mazungumzo ya bei hadi chanzo chake kijulikane.

Mifuko ya hewa ya pembeni na ya pazia nayo haikufungwa kwenye kila gari, kabla au baada ya maboresho. Maandishi ya SRS AIRBAG kwenye ubavu wa kiti cha mbele na kwenye nguzo za pembeni ndiyo ushahidi wa kutafuta.

Haibridi ni hesabu nyingine

Fielder haibridi iliingia sokoni Agosti 2013, ikitumia mfumo wa lita 1.5 ulioanza kwenye Aqua, gari dogo la haibridi la Toyota. Injini yake ya 1NZ-FXE ina nguvu za farasi 74, mota yake ya umeme 61, na kwa pamoja mfumo hutoa nguvu za farasi 100. Betri yake ya nikeli imewekwa chini ya kiti cha nyuma, hivyo buti halikupunguzwa, jambo linalostahili sifa katika gari la kubebea mizigo ya familia. Kwa kipimo cha Japani cha JC08 ilitangazwa kwenda kilomita 33.0 kwa lita moja ya petroli; kipimo hicho hufanyika kwenye mashine, na barabarani namba hushuka, lakini inabaki mbali juu ya ile ya gari la petroli pekee.

Mnunuzi wa haibridi anapaswa kujua kwamba maboresho ya 2015 hayakumletea injini mpya. NKE165 ya 2014 na NKE165 ya 2016 zina injini ileile na mfumo uleule wa umeme. Kinachotofautisha ni Safety Sense C iwapo imefungwa, vifaa vya ndani, na umri wa betri. Kwa hiyo katika haibridi mwaka una maana tofauti na ule wa gari la petroli: hauonyeshi teknolojia, unaonyesha uchakavu. Betri inayopata joto kali kwa sababu tundu la hewa ya kuipooza, lililo jirani na kiti cha nyuma, limejaa vumbi na manyoya, huchoka mapema kuliko betri ya gari la zamani zaidi lililotunzwa. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari anaweza kulinganisha volti za makundi ya seli gari likipanda mlima na likifunga breki, na kundi moja likitofautiana sana na mengine, gharama ya betri iingizwe kwenye bei kabla ya kulipa.

Haibridi hutoa faida yake yote penye kusimama na kuondoka, kwa kuwa hapo mota hufanya kazi kubwa na breki hurudisha umeme kwenye betri. Kwenye barabara kuu, mwendo ukiwa mmoja kwa saa nyingi, pengo kati yake na NRE161 hupungua, na farasi tisa zinazokosekana huanza kuonekana gari likiwa limejaa.

Kuhusu ZRE162 ya lita 1.8 niseme machache. Ina nguvu za farasi 140, inapita magari mengine kwa utulivu, na iliendelea kuuzwa baada ya 2015 ikiwa na injini ileile ya 2ZR-FAE. Anayesafiri masafa marefu na mzigo mzito ataifurahia, lakini kwa matumizi ya kila siku ya familia sioni sababu ya kubeba ulaji wake wa mafuta.

Kwa nani lipi

Kwa familia inayotumia gari kwa mseto wa mji na safari za mbali, na iliyo karibu na fundi anayeweza kusoma kompyuta ya gari, NRE161 yenye Safety Sense C ndiyo chaguo langu, na ningeitafuta kwa subira badala ya kuchukua ya kwanza inayoonekana. Kwa anayeishi mbali na karakana zenye vifaa, au anayejua kwamba matengenezo yatafanywa na fundi wa kawaida kwa vipuri vinavyopatikana, NZE161 ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2015 ni uamuzi wa akili, mradi akubali kulipa zaidi kwenye kituo cha mafuta na kuendesha bila breki za kujifunga. Anayekaa kwenye foleni asubuhi na jioni achukue NKE165 iliyopimwa betri, na aitafute ya baada ya 2015 kwa ajili ya kamera, si kwa ajili ya injini. Anayehitaji magurudumu manne achague NZE164 kwa hali ya gari na kwa Safety Sense, kwa kuwa injini haitabadilika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asichukue Corolla Touring, wagoni mpya zaidi iliyotoka Japani Septemba 2019. Hilo ni gari jingine, lenye upana wa milimita 1,745 na bodi mpya kabisa, na kwa uendeshaji ni bora. Hata hivyo Toyota yenyewe iliendelea kuuza Fielder sambamba nalo katika daraja la EX, kwa kuwa wapo walioendelea kuhitaji gari lisilozidi milimita 1,700.

Linabaki swali moja gumu, nalo ni pale mnunuzi anapopata magari mawili ya bei moja: NRE161 ya 2016 isiyo na Safety Sense, yenye kilomita nyingi na historia isiyoeleweka, na NZE161 ya 2014 yenye kilomita chache, kumbukumbu kamili za huduma na bodi ambayo haijaguswa. Hapo ningechukua ya 2014 bila kusita, kwa sababu kilichobaki cha maboresho katika gari lile la kwanza ni akiba ya mafuta peke yake, na akiba hiyo inaweza kumezwa yote na giaboksi moja ya CVT iliyoharibika.